Jibu la Tatu

Mpendwa dada Dahabo,

Hukujua kusoma, na hata kama ungejua, huko uliko barua hazifiki. Nakuandikia hata hivyo, tena kwa Kiswahili, lugha ambayo mimi na wewe hatukuizungumza tukiwa wawili ila kwa kumwigiza karani wa soko la mifugo. Sababu ni kwamba yuko ofisa hapa Garissa atakayeisoma barua hii kabla ya mtu mwingine. Ameniambia niandike kila ninachojua kukuhusu: ulizaliwa wapi, ulilelewa na nani, sisi wawili tuna uhusiano gani. Binti yako Nimo anaomba kitambulisho, na bila kitambulisho chuo cha uuguzi hakitampokea. Ofisa alinipa karatasi moja. Nikamwomba nyingine saba.

Yeye alitaka taarifa. Lakini kila nilipoanza, "Mimi niliyetia sahihi hapa chini namfahamu marehemu," nilijisikia kama karani tena, na ukarani wangu ndio uliotufikisha hapa. Nimeona heri niseme nawe, yeye asikilize.

Nianze na yasiyo na ubishi. Mama yako alifika kwenye visima vyetu, mwendo wa siku moja kutoka Wajir mjini, akitokea upande wa Mandera, mwaka wa ukame. Alikuwa mjamzito, na alikuwa peke yake. Alijifungua ndani ya uzio wa miiba wa boma letu, na akafariki kabla ya kukucha. Mama yangu ndiyo kwanza ametoka arobaini ya kunizaa mimi. Akakuokota, akakuweka titi la kushoto, mimi nikabaki na la kulia. Alipenda kusimulia kwamba la kushoto ndilo lililojaa, na ndiyo maana ulitembea kabla yangu. Kwa sheria ya dini yetu, aliyenyonya hivyo ni ndugu. Hawezi kuolewa na kaka yake, hajifuniki mbele yake, na watoto wake humwita kaka huyo abti, yaani mjomba. Hakuna shehe atakayelibishia hilo. Ila ukoo ni jambo jingine. Ukoo hupita kwa baba, na baba yako hakuna aliyewahi kulijua jina lake.

Sisi watoto kazi yetu ilikuwa kwenye birika la kunyweshea mifugo, kuwazuia mbuzi wasiruke zamu, wakati wanaume wanapokezana ndoo kutoka chini ya kisima. Walikuwa wakiimba ili mikono iende pamoja. Wewe uliushika wimbo wao ukaubadilisha maneno, ukatia majina ya wachoyo wa pale kisimani mmoja mmoja. Nakumbuka sauti ya baba ikipanda kutoka shimoni.

"Nani anaimba huko juu?"

"Ngamia," ukamjibu.

"Ngamia gani huyo anayejua kwamba mimi ni mchoyo?"

"Wote, baba. Waulize."

Wanaume walicheka hadi ndoo mbili zikamwagika, na baba alipotoka, matope hadi kifuani, alikukimbiza akizunguka birika huku yeye mwenyewe anacheka. Ulimwita baba, naye akaitika. Hilo naliandika polepole ili ofisa alione: alikuwa akiitika.

Nilipopelekwa shule wewe ulibaki na mbuzi, na nilipofunga shule nilikuja na vitabu vya kuazima. Mchana, jua likiwa limetuelemea sote, mimi, wewe na mbuzi, nilikuwa nakusomea, kwanza kwa Kiswahili kwa majivuno, kisha kwa lugha yetu ili uelewe. Hukuwa msikilizaji rahisi. Nilimaliza hadithi moja ya wafanyabiashara watatu waliopata hazina, nikafunga kitabu, nikangoja unisifu.

"Na punda?" ukauliza.

"Punda gani?"

"Yule waliyemfunga kwenye mti wakienda pangoni. Nani alimfungua?"

"Kitabu hakisemi."

"Basi aliyeandika ni mtu mbaya. Na wewe unayesoma humwulizi?"

Ikabidi nimtungie punda yule mwisho wake. Nilisema alikata kamba kwa meno, akaenda Wajir, akaoa. Ukataka kujua alioa nani. Tangu siku hiyo nilizoea, kabla sijafunga kitabu chochote, kuhesabu waliosahauliwa ndani yake. Nimekuwa mwalimu wa Kiswahili miaka mingi, nimesoma vitabu ambavyo wenzangu hawajavisikia, na hakuna mwalimu aliyenifundisha kusoma zaidi ya mchunga mbuzi asiyejua herufi.

Kisha mifugo ikafa. Tulikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, mimi na wewe, lori lilipotushusha Garissa pamoja na masufuria ya mama na ngozi mbili. Ninaposema mimi ni mtu wa Wajir, wajukuu wangu wananitazama kwa huruma. Nusu karne sijalala kule. Lakini mtu aliyeondoka kwa sababu ya kiu huwa haondoki kabisa, na wewe ndiye uliyekuwa mtu pekee wa kuthibitisha kwamba visima vile vilikuwepo, kwamba sikuvisoma mahali.

Sasa nafika kwenye meza.

Ilikuwa miaka thelathini hivi iliyopita. Watu wa serikali waliweka meza chini ya turubai kwenye uwanja wa ofisi ya vitambulisho, wakaita wazee wa kila ukoo kuwapambanua watu: huyu wetu apewe karatasi, huyu si wetu arudi alikotoka. Mwombaji alikuja, akataja jina la baba, la babu, la baba wa babu, hadi pumzi imwishie, na mzee wa ukoo wake akasema "Ni wetu" au "Si wetu." Mimi sikuwa mzee bado. Nilikuwa mwalimu kijana mwenye mwandiko mzuri, nikakalishwa pale niandike na nitafsiri. Kulikuwa na safu moja kwenye fomu iliyohusu nani anamfahamu mwombaji. Hiyo niliijaza mimi.

Mzee aliyekaa kwa niaba ya ukoo wetu nitamwita Gedi, maana watoto wake wako hai na hawana kosa. Asubuhi ile alinivuta kando kabla ofisa hajaketi.

"Mwalimu, leo usilete huruma hapa. Mtu mmoja wa nje akipita kwa mdomo wetu, karatasi zetu zote zinarudi mezani. Na za kwanza ni zako. Nyinyi wa Wajir mlikuja na vumbi tu."

"Na Dahabo?"

"Dahabo ni maziwa," akasema. "Maziwa hayaandikwi kwenye kitambulisho."

Nilikuwa na mke, binti wa miaka minne na mtoto mwingine njiani. Nayasema haya kwa sababu ni kweli. Sisemi kwamba yanatosha.

Ulikuja jua likiwa limepanda kiasi, umejitanda ule mtandio wa kijani wa mama. Ukaulizwa jina la baba, ukataja la baba yangu. Gedi akakohoa. Ofisa wa wakati ule alikuwa mtu wa bara, hakujua chochote, lakini kikohozi alikielewa. Akanigeukia.

"Mwalimu, unamjua huyu mama?"

Nilikuwa na majibu matatu. La kwanza lilikuwa: ndiyo, ni dada yangu, tumenyonya pamoja. La pili lilikuwa: simjui, nalo lilikuwa uongo mnene kiasi kwamba hata Gedi angeinamisha kichwa. Nikachukua la tatu.

"Namwona mjini," nikasema.

Nikaliandika kwenye safu yake, kwa herufi zilizolala vizuri juu ya mstari, na mwisho nikatia nukta.

Wewe hukunitazama mimi. Ulitazama karatasi, ukaniuliza kwa lugha yetu, "Umeandika nini?" Nikakuambia. Ukarekebisha mtandio, kisha ukasema kwa Kiswahili, ili kila mtu pale mezani aelewe:

"Asante, mwalimu."

Wiki ile ile ulipanda lori la kwenda Mandera. Mama aliuliza, "Dahabo yuko wapi?" Nikamjibu, "Amesafiri." Aliendelea kuuliza mpaka siku aliyofariki, nami niliendelea kumjibu hivyo hivyo, na kila mara jibu hilo halikuwa uongo.

Kilichonifungua macho, Dahabo, kitakuchekesha. Ni mchezo wa watoto.

Mwaka jana nilipasuliwa mtoto wa jicho. Daktari akanikataza vitabu majuma kadhaa, nikawa mtu asiye na kazi, nasikiliza redio na kugombana nayo. Mjukuu wangu Ifrah, mtoto wa binti yangu mkubwa, alikuwa nyumbani likizo. Ana kumi na sita na ulimi kama wako. Alikuwa na mchezo kwenye kompyuta, wa aina ile ambayo unavaa nafsi ya mtu, unatembea nchi nzima ya kubuni, unakutana na watu wenye shida zao, na kila wanapokuuliza jambo unapewa majibu ya kuchagua. Kutokana na uliyoyachagua, hadithi inakwenda huku au kule, na mwishoni unaambiwa yaliyowapata wote.

"Awoowe, cheza na mimi," akasema. Hivyo ndivyo wanavyoniita, babu. "Mimi nitasoma, wewe utachagua. Macho yangu, akili yako."

"Na mikono?"

"Mikono pia yangu. Wewe utavunja kitu."

Tulikuwa msafiri mmoja mwenye farasi, tukipeleka barua katika miji mitatu iliyokuwa vitani. Njiani tulijiunga na mwanamke mfumaji, mtu mzima, asiye na kwao, ambaye hakuwa na faida yoyote vitani isipokuwa alitutilia viraka mavazi na kutusimulia mambo. Ifrah alitaka tumwache. "Huyu ni mzigo, Awoowe, hata hapigi mtu." Mimi nikakataa. Nilimpenda.

Ikaja mara ya kwanza ya kuamua. Mwenye kinu ameshtakiwa kuiba nafaka, wanakijiji wanatuuliza tulimwona au hatukumwona. Tulikuwa tumemwona. Ifrah akanisomea majibu matatu, nikachagua la tatu: *Mimi ni mpita njia tu.* Mara ya pili ilikuwa mtoto na baba wa kambo, nikachagua la tatu. Mara ya tatu nayo hivyo. Sikuona kwamba nafanya jambo. Nilidhani nina busara.

Siku ya nne ama ya tano Ifrah akaacha kusoma, akanigeukia.

"Awoowe, wewe unajua kila saa unachagua ile ya tatu?"

"Ndiyo yenye adabu."

"Adabu gani? Mtu anachinjwa, wewe unasema unapita!"

Nikamwambia asome aendelee. Tukafika mji wa tatu. Askari wa langoni wakataka kujua yule mfumaji ni wa nani. Hakuna mtu aliyeutengeneza mchezo ule anayenijua mimi, Dahabo. Lango na askari wa kuuliza maswali viko katika kila hadithi, tangu watu waanze kujenga kuta. Lakini nilimwomba Ifrah alirudie swali lile. Ifrah akasoma majibu. La kwanza: yuko pamoja nami. La pili: mchukueni. La tatu: tulikutana njiani.

"Sema," akasema Ifrah.

Nikasema la tatu. Miaka thelathini ya kujuta, na ulimi ulikwenda wenyewe kwenye jibu hilo kama mbuzi anayejua zizi. Askari wakamwongoza mfumaji pembeni, tukaingia mjini bila yeye.

Tulipofika mwisho wa mchezo, tukaketi kusikia yaliyowapata watu. Mwisho ule ulikuwa picha ya bonde na maneno mawili matatu: msafiri alipita, miji ikabaki kama ilivyokuwa. Mfumaji hakutajwa. Nilingoja. Nikamwambia Ifrah arudie, labda aliruka ukurasa.

"Hakuna, Awoowe. Ni hiyo tu. Hii ndiyo ending mbaya kuliko zote, kila mtu anailalamikia. Hata ukiwa mbaya kabisa unapewa wimbo na taji. Ukiwa wa kupita tu hupewi kitu."

"Lakini alikwenda wapi?"

"Haijaandikwa. Pengine pesa ziliwaishia."

Akanisomea kwenye simu malalamiko ya wachezaji wenzake kutoka nchi za mbali. Walikuwa na hasira ya kweli. Wanasema wamedanganywa, wamecheza siku nyingi, wameamua mambo mazito, halafu mwisho hauwajali. Niliwasikiliza kwa hamu, maana nimewahi kukasirikia vitabu kwa namna hiyo. Lakini mimi sikuweza kulalamika nao. Anayesoma kitabu anaweza kumlaumu mwandishi kwa punda aliyesahauliwa. Mimi nilikuwa nimemfunga punda mwenyewe. Mwisho ule haukuwa na upungufu wowote. Ulikuwa umehesabu sawasawa. Mtu ambaye hakutaka kusimama upande wa yeyote ameambiwa yaliyompata: hakuna.

Ifrah aliniona uso. Ana moyo mwema. "Tunaweza kurudi nyuma, Awoowe. Nilisevu pale langoni."

Tukarudi. Askari wakauliza tena, nikasema yuko pamoja nami, tukapigana, tukaingia sote watatu, yaani mimi, farasi na mfumaji. Mwishoni palikuwa na mstari mmoja zaidi: mfumaji akafungua duka. Ifrah alipiga makofi. Mimi nilishukuru, nikasema macho yananiuma, nikaenda kulala mchana. Sikufarijika hata kidogo. Mara ya pili nilikuwa najua askari watasema nini na nani atakufa. Ujasiri wa mtu anayejua matokeo si ujasiri, ni kunakili.

Ungedhani mtu aliyeyaelewa hayo yote, aliyeyachambua kama mwalimu, amepona. Miezi miwili iliyopita Nimo alibisha mlango wangu.

Sikuhitaji kuambiwa ni nani. Ana namna yako ya kusimama mlangoni kama mtu aliyekuja kukagua. Aliniletea habari zako zote kwa pumzi moja, kama barua iliyokaa njiani: kwamba uliolewa Mandera na mtu wa ng'ambo ya mto Daua, kwamba alivuka mto mwaka Nimo alipoanza kutembea na hakurudi, kwamba uliuza chai karibu na stendi ya malori, kwamba homa ilikuchukua mwaka juzi kwa siku nne. Inna lillahi. Nilikaa chini. Binti yako akaninywesha maji, mimi mwenye nyumba.

"Mama alisema nikikwama niende Garissa nimuulize mwalimu," akasema. "Alisema wewe ni kaka yake. Wananiambia ofisini lazima mzee wa upande wa mama aje aseme ananijua. Utakuja, abti?"

Abti. Aliniita hivyo bila kujua chochote, na nikajua papo hapo kwamba hukuwahi kumwambia.

Hapo, Dahabo, palikuwa na majibu matatu. Ningeweza kumwambia yote. Ningeweza kumwambia siwezi, aende zake. Nilimwambia, "Nitakuja, mwanangu," nikanyamaza kuhusu mengine. Nilijiambia faili lile limekwisha kuliwa na mchwa. Ofisi zimehamishwa mara mbili tangu siku zile. Nilijiambia ya nini kumtia mtoto majonzi. Ifrah alikuwa jikoni, akanitazama nikijibu, na sijui alisikia nini katika sauti yangu, lakini alitikisa kichwa.

Tulikwenda Jumatatu iliyopita. Ofisa wa sasa ni kijana mpole, akatukaribisha, akatuletea viti. Kumbe mafaili ya zamani hayakuliwa na mchwa. Wanayaingiza kwenye kompyuta. Akalifungua moja la rangi ya kahawia lenye uzi, akasoma, akasoma tena.

"Hapa kuna mwalimu alikuwa anaandika. Ni nani huyu?"

"Ni mimi."

"Anasema kuhusu huyu mama, 'Namwona mjini.' Huu mwandiko ni wako?"

"Ni wangu."

"Na leo unasema alikuwa dada yako."

"Alikuwa dada yangu."

"Wakati huo hakuwa?"

"Alikuwa."

Akaweka kalamu chini. Hakuwa na ukali, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Sasa mzee, mimi nimfuate mwalimu yupi? Wa faili ama wa leo?"

Nimo alikuwa ameketi ubavuni pangu, na sikumwangalia.

Ofisa akasema niende nikaandike kila kitu, kisha tuapishwe. Akaongeza, kwa wema, kwamba nikikiri kwa maandishi kuwa ushuhuda ule ulikuwa wa uongo, faili langu nalo litafunguliwa, na la wanangu, kwa sababu karatasi zetu zilitoka meza hiyo hiyo. Binti yangu aliposikia hayo nyumbani alilia. "Baba, Ifrah anaomba chake mwaka kesho kutwa. Andika kwamba ulikuwa humkumbuki vizuri. Andika kulikuwa na kelele." Nilimwelewa. Nilikuwa na umri wake niliposema yangu, na hofu niliyomrithisha ni ile ile.

Lakini kabla ya hapo kulikuwa na uwanja wa ofisi. Tulitoka mimi na Nimo, tukasimama kwenye kivuli cha ukuta, mahali wapiga picha za pasipoti hutundika kitambaa chao cha buluu. Nilingoja aondoke. Ningekuwa yeye ningeondoka.

"Mama alijua uliandika hivyo?" akauliza.

"Alikuwa amesimama mbele ya meza. Aliniuliza nimeandika nini, nikamwambia."

Mpiga picha alimwuliza kama anataka picha, akamkatalia kwa mkono.

"Nilimuuliza kama utanikubali," akasema. "Alikuwa anaumwa tayari. Akasema, 'Wewe muulize tu.' Nikasema, na akikataa? Akasema, 'Muulize mbele ya watu.'"

Kisha akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu tulipotoka.

"Kumbe alinituma akijua."

Nikasema ndiyo, alijua.

"Yeye labda alikusamehe. Mimi sijui bado, mzee. Mimi nimejua leo." Akachukua karatasi mkononi mwangu, akazihesabu, akanirudishia. "Lakini andika. Na uandike yote."

Basi nimeandika yote. Ofisa, ukisoma hapa: maneno "Namwona mjini" yaliandikwa na mimi, nikiwa na akili timamu, bila kelele yoyote, na mwanamke aliyeandikiwa alikuwa dada yangu kwa maziwa ya mama yangu, amelelewa na baba yangu, na amezikwa Mandera akiwa hana karatasi kwa sababu yangu. Nimo ni binti yake. Faili langu lifunguliwe. Ifrah nimemwambia mwenyewe, akasema ataningoja nje ya ofisi na maji ya kunywa, kwa sababu hapo ni joto.

Sijui ofisa ataamua nini, Dahabo. Sitajua leo wala kesho, na inawezekana aamue kwamba mwongo wa jana hawezi kuwa shahidi wa leo, na binti yako akose chuo kwa mkono wangu mara ya pili. Ikiwa hivyo, nitasimama tena mbele ya meza nyingine, na nyingine, hadi miguu inikatae. Simwombi mtu anirudishe pale ulipokuwa umesimama na mtandio wa kijani. Nisingestahili sifa kwa kujibu vizuri nikiwa najua tayari yatakayofuata.

Mungu akurehemu, akunyweshe mahali pasipo zamu wala foleni. Sikuombi radhi kwa barua, maana barua huruhusu mtu aombe bila kutazamwa. Nimeomba radhi kwa Nimo, ana kwa ana, na hajanijibu, na ana haki ya kutojibu.

Asubuhi naipeleka.

Kaka yako.